Uledi Nahodha na Maporomoko ya Mto Kongo

Wakati wa likizo iliyopita vijana wanne wa Kibondo walitujia na shauri lao. Walikuwa wamekwisha kupata mtumbwi mdogo, na makafi mawili, na kamba ndefu; na nia yao ilikuwa kushuka na kijito kimoja kitokacho vilimani hata kiingiapo mto Malagarasi. Tena hawakutaka kushuka wakati wa kiangazi, maana wakati huo mawe hutokeza na maji ni haba. Walitaka wakati wa mvua, kijito kikiwa kimejaa na kutoa povu jeupe. Haja yao kwetu ilikuwa moja tu, tuwatazamie ramani.

Kijito chenyewe twakijua. Katika mwezi wa Agosti mtoto hukivuka bila kulowa magoti. Lakini mvua zianzazo Oktoba au Novemba zikisha kukolea, kelele yake husikika usiku hata na watu wakaao mbali. Basi kabla ya kuifungua ramani tuliwauliza neno moja: ni nani kati yenu aliyekwisha kukifuata kijito kwa miguu, toka juu hata chini, akakitazama? Wakatazamana wao kwa wao.

Hatukuwakataza. Vijana wakikatazwa huenda usiku. Bali tuliwaketisha tukawasimulia habari za Uledi, nahodha wa mashua ya Stanley, na habari hizo ndizo tuandikazo hapa, kwa kuwa twaona watu wengi walijua jina la Stanley na wachache mno wamjua Uledi.

Mambo yenyewe huanzia karibu na kwetu. Mto Malagarasi watoka katika milima ya Burundi, hufuata mpaka, hupita nchi ya Kibondo, kisha hujipoteza katika mabwawa makubwa pamoja na Moyowosi; na utokapo humo hugeuka kwenda magharibi, hupita Uvinza, huanguka katika maporomoko ya Igamba, na mwisho huingia ziwa la Tanganyika. Ruchugi nao hushuka toka nyanda za juu za Kasulu hata ukutane nao huko Uvinza, penye chemchemi za chumvi. Njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilikuwa haina budi kuivuka mito hii. Burton na Speke walivuka Malagarasi mwezi wa Februari mwaka wa 1858. Stanley alivuka mwanzo wa Novemba mwaka wa 1871, alipokuwa akimtafuta Livingstone.

Kuvuka huko hakukuwa jambo la mtu kujiendea. Kivuko kilikuwa na wenyewe. Mitumbwi ilikuwa ya Wavinza, na wapiga makafi walikuwa Wavinza, na kabla ya mzigo mmoja kuwekwa mtumbwini ilipasa kukaa chini na kupatana hongo ya mtawala Nzogera na ujira wa wavushaji. Stanley alinung'unika sana katika kitabu chake kwa ajili ya vitambaa alivyotoa. Sisi twaona kwamba alinunua kitu cha thamani kuliko alivyodhani: alinunua ujuzi wa watu waliouona mto ule kila siku ya maisha yao. Watu wake walivuka salama na mizigo yao. Aliyepotea alikuwa punda mmoja, jina lake Simba, aliyefungwa kamba shingoni na kuogeleshwa. Alipofika katikati mamba akamkamata kooni. Watu wakaivuta kamba kwa nguvu zao zote, wasiweze, punda akazama mbele ya macho yao.

Baada ya hapo msafara uliingia nchi ya Uha, na huko hongo ilikuwa nzito zaidi, kwa kuwa kila mtwale alidai chake. Stanley alipoambiwa kwamba mbele wako watwale watano wengine, alitafuta mtu aijuaye nchi, akampa doti kumi na mbili awe kiongozi, akaondoka na watu wake usiku wa manane kwa njia ya porini, kimya kimya. Kulipokuwa kunakucha walikuwa wamefika Ruchugi. Kwa hesabu yake mwenyewe waliingia Ujiji tarehe 10 Novemba. Katika msafara huo alikuwamo mtoto mmoja aliyeitwa Kalulu, ambaye Mwarabu mmoja wa Unyanyembe alimpa Stanley. Msomaji alikumbuke jina hilo.

Miaka mitatu ikapita. Kalulu alichukuliwa Ulaya, akasoma kidogo katika shule ya Wandsworth karibu na London, na mwezi wa Aprili mwaka wa 1874 alikuwapo Livingstone alipozikwa katika kanisa la Westminster. Mwaka huo huo Stanley alianza safari ya pili, iliyokuwa kubwa kuliko ya kwanza. Safari hii aliifanyia matayarisho mengi, na hasa juu ya maji. Alitengenezewa mashua huko Uingereza, urefu wake futi 40 na upana futi 6, ya mbao nyembamba za mwerezi, nayo iliweza kufunguliwa vipande na kubebwa na wapagazi, kisha kuunganishwa tena penye maji. Ilipofika Unguja vipande vilionekana kuwa vizito na vipana mno kwa njia za Afrika, ikabidi seremala avikate upya. Mashua iliitwa Lady Alice, kwa jina la msichana wa Marekani aliyeahidi kumngoja Stanley. (Hakumngoja. Mashua ilikuwa ingali njiani yeye alipoolewa na mtu mwingine.)

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Wengi wao walikuwa Waungwana, watu wa Unguja na mrima, na pamoja nao Wanyamwezi. Wazungu walikuwa wanne: Stanley, Frederick Barker, na ndugu wawili, Edward na Frank Pocock, wana wa mvuvi. Nahodha wa mashua alikuwa Uledi. Walizunguka ziwa Victoria, wakafika Ujiji mwezi wa Mei mwaka wa 1876, vipande vya mashua vikiwa vimebebwa mabegani kupita Uvinza, wakalizunguka na ziwa Tanganyika. Ndipo wakavuka ng'ambo, wakaenda Nyangwe, na mwisho wa mwaka ule wakaachana na Tippu Tip, wakauingia mto mkubwa ambao hata Stanley hakujua kwa yakini waishia wapi.

Hatutaeleza vita vya njiani. Vimeelezwa mno na Stanley mwenyewe, na wale waliopigwa risasi kingoni hawakupata wa kuwaandikia. Habari yetu ni ya maji. Mwezi wa Januari mwaka wa 1877 walifikia maporomoko ya Boyoma, ambayo ni saba. Huko walijifunza kazi ile iliyokuja kuwa ada yao: kufungua njia msituni kwa mashoka, kutandika miti chini, na kuiburura mitumbwi nchi kavu hata kuupita ubaya. Kisha mto ukatulia, wakaenda majuma mengi bila kizuizi, hata tarehe 12 Machi walipofika penye maji mapana ambapo leo hutazamana miji ya Kinshasa na Brazzaville.

Hapa ndipo shauri lilipokosewa. Wenyeji wa hapo walimwambia Stanley kwamba chini yako maporomoko matatu, wakayataja kama Mtoto, na Mama, na Baba. Naye alikuwa na ramani ya Mwingereza Tuckey, ambaye mwaka wa 1816 alipanda toka baharini akakomea katikati. Stanley aliyaweka pamoja maneno haya mawili, ya wenyeji wa juu na ya ramani ya chini, akatumaini kwamba kati yake mto ni mwema. Hakuna aliyekuwa amekwenda kutazama. Kumbe kati ya bwawa lile na mahali paitwapo Matadi mto washuka yapata mita 270 katika kilomita zipatazo 350, na maporomoko si matatu, bali ni thelathini na zaidi. Zingatieni pia kwamba maji yashukayo hapo ni maji ya karibu nchi yote ya Kongo, yamebanwa kati ya magenge. Kuporomoka kwa Igamba kwetu ni jambo dogo mbele yake.

Iliwapasa kuviacha vyombo na kwenda kwa miguu. Stanley hakutaka, na watu wakamfuata. Desturi yao ilikuwa hivi: mitumbwi ilishushwa kandokando ya ukingo, watu wakiishika kwa kamba na kwa mitambaa ya msituni kutoka mawe hata mawe, na pale pasipowezekana waliipandisha juu ya kilima. Kamba ndiyo iliyokuwa uhai, na kamba hukatika.

Tarehe 29 Machi Kalulu aliruka kuingia katika mtumbwi mmoja, ijapokuwa kazi yake haikuwa huko. Mtumbwi ule ulijitenga na ukingo, ukashikwa na mkondo wa katikati, na wapiga makafi wakashindwa kuurudisha. Waliokuwa kingoni waliuona ukizunguka mara tatu nne kwenye mdomo wa maporomoko, kisha haukuonekana tena. Kalulu alikufa hapo pamoja na wenzake wote wa mtumbwini. Siku ile ile mitumbwi mingine miwili ilichukuliwa vivyo hivyo. Na ajabu ni kwamba mtu mmoja, Soudi, aliyetelemka na maporomoko peke yake, alitokea baada ya siku kadhaa akiwa hai. Kalulu alikuwa kijana mdogo, na alikuwa amevuka Malagarasi akiwa mtoto, amelala usiku katika mapori ya Uha, ameona London. Maporomoko yale Stanley aliyapa jina lake.

Nusu ya mwezi baadaye, tarehe 12 Aprili, kamba za Lady Alice zilikatika, Stanley na Uledi wakiwa ndani pamoja na watu wachache. Hapakuwa na la kufanya ila kuielekeza omo. Uledi alishika usukani, mashua ikashuka kama jiwe lililotupwa, ikajaa maji, ikatolewa maji, na mwisho ikapata ukingo mbali sana chini. Waliobaki juu walikuwa wamekwisha kuanza matanga.

Mwaweza kudhani kwamba mtu aliyeokoka hivyo atakuwa jasiri wa kupita po pote. Uledi hakuwa hivyo. Yeye aliogelea kuliko wote, na kwa hesabu ya Stanley aliwatoa majini watu kumi na watatu waliokuwa wakizama. Walakini kila mahali papya alishuka kwanza, akaenda kwa miguu juu ya mawe, akatazama maji yaendavyo, ndipo akasema yapitika au hayapitiki.

Tarehe 3 Juni walikuwa karibu na mahali paitwapo Massassa. Stanley alikuwa ametangulia kwa njia ya nchi kavu hata Zinga. Frank Pocock alibaki nyuma kwa sababu viatu vyake vilikwisha kuchakaa zamani, na miguu yake ilikuwa na vidonda hata hakuweza kutembea. Agizo lilikuwa achukuliwe kwa machela. Lakini Frank aliona haya kubebwa kama mgonjwa, na machela yalichelewa, na mtumbwi ulikuwa pale. Akaingia mtumbwini pamoja na Uledi na wapiga makafi.

Walipokaribia maporomoko Uledi aliufunga mtumbwi ukingoni, akaenda kutazama pamoja na wenzake. Akarudi akasema kwamba hapapitiki, wakijaribu watakufa. Frank hakuweza kwenda kujionea mwenyewe kwa ajili ya miguu. Alisikiliza mvumo, akautazama mstari wa maji mbele yake, akaona si neno. Alipoona Uledi hageuki, aliwacheka, akasema wao ni waoga wa maji. Jambo hili latuuma kila tulisomapo. Mtu aliyeona alikuwa mmoja, na mtu aliyeamuru alikuwa mwingine. Uledi aliwauliza wenzake. Nao, kwa kuwa hakuna apendaye kuitwa mwoga mbele ya watu, walikubali. Akasema, basi, twendeni.

Mtumbwi ulishikwa na mkondo, ukatupwa katika maporomoko, ukavutwa chini na kizingia. Walioibuka walijishika katika mtumbwi uliopinduka. Frank aliibuka mbali nao akiwa hana fahamu. Uledi aliogelea kumfuata, lakini kabla hajamfikia kizingia cha pili kiliwafunika wote wawili, na Uledi akatokea peke yake. Stanley alikuwa ameketi juu ya mawe ya Zinga akitazama kwa darubini, akaona mtumbwi ukipita umepinduka na vichwa vya watu kandokando yake. Katika watu kumi na mmoja waliokoka wanane. Maiti ya Frank ilionekana siku kadhaa baadaye.

Twajua kwamba watu wengine husema, Uledi angekataa kabisa. Ni rahisi kusema. Yeye alikuwa mtu wa ujira, maelfu ya kilomita mbali na kwao, na aliyeamuru alikuwa bwana mdogo wa msafara. Tena mwezi huo huo au karibu nao, Uledi huyu aliwahi kushitakiwa kwa kuiba shanga, maana njaa ilikuwa kali. Na baraza ya watu ilipoamua apigwe, ndugu yake Shumari na binamu yake Saywa walijitoa wapigwe badala yake, hata akasamehewa. Kukataa amri kuna gharama, na si kila mtu huwa na cha kulipia.

Baada ya kifo cha Frank watu waliingiwa na huzuni iliyo karibu na wazimu. Thelathini na mmoja waliondoka wakasema afadhali kulima utumwani kuliko kufa majini; wakabembelezwa, wakarudi. Mwisho wa Julai walifika Isangila, ndipo Stanley alipokubali kuuacha mto. Lady Alice iliburutwa ikawekwa juu ya mwamba, iozee hapo. Ilikuwa imetoka Unguja kwa mabega ya watu na kuzunguka maziwa mawili makubwa.

Walikuwa wakifa kwa njaa. Tarehe 4 Agosti Stanley aliandika barua kuomba chakula kwa Mzungu ye yote aliyeko Boma, na wa kwanza kujitolea kuipeleka alikuwa Uledi. Pamoja naye alikwenda Robert Feruzi, aliyesoma katika misheni ya Unguja na kujua Kiingereza, na wengine wawili. Chakula kilikuja. Tarehe 9 Agosti 1877 msafara uliingia Boma. Kati ya watu wapatao 356 walioanza pwani, waliofika hapo walikuwa mia na kumi na wachache; wengine walikufa kwa ndui, vita, njaa na maji, na wengine walitoroka. Kati ya Wazungu wanne alibaki Stanley. Waliosalia walirudishwa Unguja kwa manowari, wakafika tarehe 26 Novemba.

Vijana wetu waliposikia hayo, mmoja alisema kwamba siku hizi viko vyombo bora, na watu hushuka maporomoko kwa mchezo. Ni kweli. Viko vimtumbwi vya plastiki viitwavyo kayaki, ambavyo hupinduka na kuinuka tena na mtu wake ndani. Tukamtajia Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, bingwa wa kazi hiyo, aliyeshuka Nile toka ziwa Victoria hata baharini katika mwaka wa 2004. Mwezi wa Desemba mwaka wa 2010 alikuwa na Wamarekani wawili katika mto Lukuga, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika. Maporomoko hayakumshinda. Mamba alitoka nyuma yake penye maji yaliyotulia, akamtwaa pamoja na chombo chake. Maana mto una hatari zake mahali penye povu, na zake nyingine mahali pasipo na povu, kama Simba yule punda alivyoona huko Malagarasi.

Basi ramani tuliifunga. Jumamosi iliyofuata tulikwenda nao, tukakifuata kijito toka juu hata chini, mwendo wa siku mbili, tukalala njiani. Kiangazi kilikuwa hakijaisha, mawe yote yalikuwa wazi. Walihesabu vianguko kumi na vinne. Katika cha sita waliona mti mkubwa umelala toka ukingo hata ukingo. Mvua zikija maji yatapita chini yake, lakini mtumbwi hautapita. Katika cha tisa hapana ukingo wa kushikia, ni mwamba mtupu pande zote mbili. Penye maji mapana karibu na Malagarasi mzee mmoja avuaye samaki aliwaonyesha mahali mamba alalapo, akawaambia na saa atokazo. Yote waliyaandika katika daftari.

Mtumbwi ungali nyumbani kwa mmoja wao, umefunikwa majani. Wamekata shauri kungoja hata mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimepungua. Nusu ya juu watakwenda kwa miguu na mtumbwi kichwani, na nusu ya chini watashuka. Juu ya kianguko cha kumi na moja wangali wakibishana, wawili wasema chapitika na wawili wasema hakipitiki. Hao wawili wasemao hakipitiki ndio walioteremka mpaka chini yake kukitazama.